Si maji yale ya bahari

Unguja, Jumapili usiku

Shoga yangu Maryamu,

Assalaam aleikum. Karafuu mmekwisha kuanika, au majamvi bado yamejaa uwanjani? Sauti uliyonitumia, ya kuniuliza kama kweli kuna watoto waliopumulishwa maji wakapona, niliisikiliza mara mbili, ya pili kwa kumcheka shemeji. Eti "maji yakiingia mapafuni mtu ni maiti, mimi nazamia pweza najua." Mwambie kwa bahari ya Misali kasema kweli tupu. Mlichokisikia cha watoto kupumulishwa maji ni kitu kingine.

Chenyewe kinaitwa pafluorokaboni. Ukikitazama utasema maji, lakini ni kizito karibu mara mbili yake na kinabeba oksijeni nyingi mno. Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Leland Clark na Frank Gollan, walimzamisha panya humo, naye akaendelea kupumua. Usishangae sana: mtoto tumboni mapafu yake yamejaa majimaji, nayo yanatoka humo humo mapafuni.

Njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, taabu yake ni hii. Vifuko vyake vya hewa havijapata ule utando wa kuviteleza, basi vinagandana, kama mifuko ya plastiki (ile tuliyokatazwa) ikilowa: hata upulize vipi, pande hazitaki kuachana. Kimiminika kile kinaingia katikati na kuviweka wazi. Mwaka 1989, Philadelphia, walikijaribu kwa vichanga waliokuwa hawana tena la kufanyiwa. Mapafu yalilegea, lakini watoto wale hawakuishi. Mwaka 1996 ikatolewa habari ya njiti 13 waliotiwa kimiminika huku mashine inapuliza hewa juu yake, na oksijeni ilipanda ndani ya saa moja. Baada ya hapo jambo likapoa. Walipokijaribu kwa watu wazima hakikuwazidi waliobaki na mashine peke yake. Mimi kinanipendeza kukisoma, shoga, lakini wodini kwetu kwa vichanga sijapata kukiona na sikingojei.

Kilichobadilisha mambo ni ule utando wenyewe. Mwaka 1980 Wajapani walioongozwa na Fujiwara waliwatia vichanga 10 dawa iliyotoka kwenye mapafu ya ng'ombe, wakapumua. Sasa nyengine hutoka kwa nguruwe. Siku moja tulipata vichupa viwili vya hiyo ya nguruwe, baba wa mtoto akaniuliza vimetokana na nini. Sikumficha. Akatazama sakafu kitambo, kidole kimeshika pete ya ndoa anaizungusha, kisha akasema, "Mpeni."

Siku nyingi hata hivyo vichupa hatuna. Tuna chupa ya maji, mpira umezamishwa sentimita chache, na hewa inaingia puani kwa mtoto kisha inatokea mle majini kwa mapovu. Usiku wodi nzima inachemka kama mabirika. Mapovu yakinyamaza nashtuka kuliko mtoto akilia, maana mpira umechomoka mahali. Natazama kifua: mbavu zikiacha kuingia ndani na kule kuguna kukakatika, ndipo nakaa.

Haya, najua hukuniuliza kwa ajili ya panya. Rukia ana mimba ya miezi saba na presha yake haishuki. Usimngoje mkunga wa jirani aone "kesho itakuwaje". Kesho asubuhi mpeleke spitali, na ukifika uliza kwa kinywa chako: "Sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, atapewa lini?" Anadungwa mama, dawa inamfikia mtoto, na inataka siku moja au mbili kufanya kazi vizuri, ndiyo maana nakuharakisha. Waliigundua Liggins na Howie, New Zealand. Kwanza kwa wana-kondoo, kisha kwa akina mama mwaka 1972. Si ghali, na Mungu akijaalia itamfaa mjukuu wako kuliko kimiminika cha Philadelphia.

Mwaka jana nilimpokea mama aliyeletwa kwa boti uchungu umeshamshika. Huko alikotoka alikuwa kalazwa siku tatu na hakuna aliyemdunga. Sitaki kusema zaidi, nitalia.

Wakisema aje huku Unguja, nipigie kabla boti haijang'oa nanga, nitakuwa Malindi namngoja. Mtilie kanga tatu kuukuu za kumbebea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mpya usimpe, zina dondo, zitamkwaruza.

Wako,
Zuhura