Barua ya wazi kwa mpwa wangu: ile mitaa mitupu ya Paris, 1871

Mpwa wangu,

Umenitumia picha ya Hôtel de Ville, jumba la manispaa ya Paris, ikiwa gofu, ukauliza watu wote walikimbilia wapi. Usiuamini ule utupu. Jengo liliungua tarehe 24 Mei 1871, serikali ya Ufaransa ilipokuwa ikiizima kwa risasi Komuni ya Paris, utawala wa waasi walioushika mji, na moto ulipopoa watu walimiminika kutazama magofu. Kamera ndiyo haikuwakamata.

Enzi hizo picha ilipigwa kwenye kioo kibichi. Fundi alikisugua kioo hadi king'ae, maana hata alama ya kidole huharibu utando. Akamimina katikati kolodioni, kimiminika kinachonata na kuacha huo utando, akakiinamisha pembe moja baada ya nyingine, na iliyozidi akaichuruza chupani. Kisha, ndani ya hema la giza, alikiloweka kwa dakika tatu hivi katika maji ya nitrati ya fedha, yanayokifanya kihisi mwanga, akakikimbiza kwenye kamera kikiwa bado kinadondoka. Kuanzia hapo hadi kukimwagia salfati ya chuma, dawa ya kuitokeza picha, alikuwa na kama dakika 10, na kwenye jua kali pungufu ya hapo. Utando ukikauka, fedha huganda chembechembe, dawa haipenyi tena, na kazi yote imekwenda bure.

Ili jengo zima litoke kali, tundu la lenzi lilibanwa, hivyo mwanga ukaachwa uingie kwa sekunde kadhaa. Ukuta hutulia, mpita njia hatulii. Aliyepita haraka hakuacha kitu, aliyesita kidogo aliacha ukungu. Ikuze sehemu ya chini, kwenye vifusi, utafute michirizi hiyo.

Rangi nazo zinadanganya. Kolodioni huona buluu vizuri na nyekundu kwa shida, kwa hiyo mbingu hutoka nyeupe bila wingu, na tofali jekundu hutoka jeusi. Usiharakishe kusema ni masizi.

Ila kuna uongo wa kukusudia, na huu ndio unaoniuma. Mpiga picha Eugène Appert aliwapanga waigizaji, akawabandikia vichwa vilivyokatwa kutoka picha nyingine, akaupiga picha upya mchanganyiko huo na kuuza akiuita uhalifu wa Komuni. Kwa hiyo ukikutana na picha ya mauaji ya mwaka ule ambamo kila uso umetoka safi, bila hata mmoja kutikisika, anza na shingo: linganisha mwanga wa usoni na ule wa mabegani, kisha upime ukubwa wa kichwa na wa mwili.