Mwulize Anayemlisha

Mwanangu,

Umesema Jumamosi nisikusindikize uwanja wa ndege, tuagane hapa hapa Nyamanoro. Sawa. Ila lipo jambo linanishinda kulisema ukiwa mbele yangu, basi lisome ukishapanda ndege.

Tangu useme kazi yenyewe ni kutafuta dawa ya kuzuia kimeng'enya kinachokata protini kwenye ubongo, usingizi unanipaa. Furaha ninayo, hata mwaloni nimewatangazia wote. Miaka 26 nilichora kimeng'enya ubaoni kama mkasi, nikawaambia wanafunzi mkasi mmoja kazi moja. Wewe ndiye uliyenisahihisha: gamma-sekretasi inakata protini nyingi, ukiizuia kwa ajili ya Alzheimer, ugonjwa wa kusahau wa wazee, umezuia na mengine. Ile semagasestati, dawa ya kuizuia, ilisimamishwa mwaka 2010, wazee walioimeza wakiwa wamezidiwa kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na saratani ya ngozi juu yake. Mwaka 2018 verubesestati, ya kuzuia mkasi mwingine, beta-sekretasi, nayo ikaachwa. Hayo unayajua. Mimi nauliza: aliyekuwa akiwalisha wale wazee aliulizwa?

Donepezili, dawa ya bibi yako, nayo inazuia kimeng'enya, kingine. Ugonjwa haiondoi, lakini asubuhi anakumbuka jina lake, nami nashukuru. Alipoianza akakataa kula. Nikasema anadeka. Siku moja nilimshika kidevu nikamsukumia uji, ukamtiririka hadi kwenye kanga, akanitazama akasema, "Mama, nimeshiba." Ananiita mama, mimi mwanawe. Wiki tatu nilimgombeza hivyo. Kliniki waliuliza vidonge vimebaki vingapi, basi. Nilipoeleza mwenyewe kwamba anatapika, dozi ikapunguzwa, na uji ukaanza kuliwa.

Kwenye simu sikukwambia. Nawe kila Jumapili ulikuwa unauliza "Bibi mzima?", ukijibiwa mzima unaridhika.

Kwa hiyo huko maabara, mwulize anayemlisha. Mkiona namba zimekaa vizuri kwenye karatasi, mwulize anayemlisha. Usione haya kwamba swali ni la jikoni. Na wakubwa zako wakiwa na haraka, wewe usiwe nayo. Nakujua, mtihani wa kidato cha nne ulitoka wa kwanza chumbani ukiwa umeruka ukurasa mzima.

Usiku bado nafunga mlango kwa kufuli. Akitoka saa nane akabisha kwa watu, unajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa nani. Sipendi ile sauti ya kufuli, naye anaisikia.

Fundi wa tangi anataka 80,000, nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Ada ya mdogo wako niachie mimi, usiitume kabla hujalipa pango. Dagaa nimewakaanga, wako chini ya sanduku. Ukizidisha kilo toa viatu, dagaa waache. Sweta la bluu umelisahau kwenye kamba, nitalianua jioni.

Bibi ameuliza tena kama meli ya Nansio imeshafika. Nimemjibu bado, akakaa tena mlangoni na mfuko wake.

Mama yako