Tuuziwe gesi ya kupima, kama mafuta na sukari

Mhariri,

Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 uko chini ya kitanda tangu Aprili, na juu yake nimepanga viatu vya watoto. Haukuharibika. Gesi iliisha, na pesa za kuujaza kwa mkupuo mmoja bado sijazipata. Hapa Nyalenda, Kisumu, nina majirani watatu ambao mitungi yao imelala vivyo hivyo.

Watu husema gesi ni ghali kwa maskini. Mimi nauza omena na mboga, hesabu naijua. Mkaa nanunua mkebe mmoja asubuhi na mwingine jioni. Nikijumlisha mikebe ya mwezi mzima, pesa hizo zinajaza mtungi na chenji inabaki. Shida ni kwamba pesa zangu huja kidogo kidogo, na karibu kila kitu mtaani kimekubali kununuliwa hivyo. Mafuta ya kupikia tunapimiwa, sukari tunapimiwa, maziwa vilevile. Stima ya tokeni unanunua ya shilingi hamsini na taa inawaka. Gesi ndiyo inayotaka kilo sita zilipwe siku moja.

Ndiyo maana tunarudi kwenye mkaa upesi sana. Julai 2021, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 iliporudishwa kwenye gesi, niliona majiko ya mkaa yakitolewa tena mlangoni, nyumba baada ya nyumba. Mwaka wa 2022 ushuru huo ulipunguzwa hadi asilimia 8, na 2023 ukaondolewa. Nashukuru kwa hilo kwa dhati. Lakini afueni hiyo humfikia aliye na pesa za kujaza mtungi mzima, na wengi wetu hatuna.

Chumba changu ni kimoja. Mvua ikinyesha, jiko linaingia ndani na mlango unafungwa. Mkaa ukishakolea hauna moshi wa kuonekana, kwa hivyo mtu hudhani hakuna ubaya, kumbe hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu. Usiku mmoja kitindamimba wangu, wa miaka minne, alianza kutapika na kulalamika kichwa, nami mwenyewe nikahisi miguu haina nguvu. Nilimbeba tukatoka kwenye mvua. Zahanati swali la kwanza lilikuwa: "Mama, mnapikia wapi?" Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka wa 2020. Nikiisoma hesabu hiyo namwona mtoto wangu mlangoni usiku ule.

Dawa ipo. Katika baadhi ya mitaa ya Nairobi kuna mitungi iliyofungwa mita: mteja analipa kiasi alicho nacho kwa M-Pesa, anapika hadi pesa ziishe, kisha anaongeza. Naomba serikali ya kaunti ya Kisumu iketi na wauzaji wa gesi, huduma hii ifike Nyalenda, Manyatta na Obunga. Wanaojaziana gesi vichochoroni si jibu. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 1, 2024 ulianzia mahali pa gesi pasipokuwa na kibali cha mamlaka ya kawi na petroli, na watu walikufa.

Sisemi mkaa nitauacha kabisa. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, huchukua saa tatu motoni, na hizo nitaendelea kuzipikia nje jua likiwaka. Ninachotaka ni chai ya asubuhi na ugali wa usiku visipikwe kwa mkaa ndani ya chumba wanacholala watoto. Na mitungi hiyo ya mita ikifika, isije na amana ya maelfu ya shilingi, kwa sababu hizo nazo tutatakiwa kuzitoa kwa mkupuo mmoja.

Mama wa watoto watatu,
Nyalenda, Kisumu