Mchezaji wa miaka 33 hajaisha

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalonikera kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Mchezaji akishagonga miaka 32 au 33, kurasa zenu za michezo zinaanza kumwita mkongwe, mashabiki wanadakia "ameisha huyo", na viongozi wa klabu wanapata sababu ya kumtema. Hakuna anayeuliza anafanya mazoezi gani ligi ikisimama, wala amecheza mechi ngapi msimu uliopita. Umri tu ndio unaotajwa.

Mimi ni fundi mwashi wa Mbagala Kuu, na mtu ninayetaka kumleta hapa wasomaji wengi wa Dar es Salaam hawamfahamu. Anaitwa Jerry Rice. Alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti na mpira uliochongoka ncha zote mbili. Nafasi yake ilikuwa mpokeaji: anachomoka mbio pembeni, anakata kona pale walipokubaliana na mrushaji, anageuka, na mpira anatakiwa aukute hewani huku beki yuko mgongoni anamvizia amwangushe.

Alizaliwa jimbo la Mississippi, Marekani, mwaka 1962, na baba yake alikuwa fundi mwashi. Watoto walikwenda saiti kumsaidia mzee; kaka zake wanarusha matofali kutoka chini, Jerry yuko juu ya jukwaa anayadaka. Mwenyewe amesimulia kwamba mikono yake ilipata mafunzo huko, nami namwamini kabisa. Nilianza kazi nikiwa saidia fundi kwenye matofali ya kuchoma, kabla ya haya ya saruji ya inchi sita ambayo hupokezwa mkono kwa mkono. Tofali la kuchoma likirushwa, ukilipokea kwa mikono iliyokakamaa litakuchuna viganja halafu lichomoke. Unalifuata kwa macho mpaka litue, vidole viko wazi, na likigusa tu unashuka nalo kidogo. Ukihamisha macho kabla, linakupiga kifuani. Mtazame Rice akidaka mpira unaotokea nyuma ya bega lake, utaona mikono inafanya vilevile.

Alisoma chuo kidogo, Mississippi Valley State. Mwaka 1985 timu ya San Francisco 49ers ikamchukua akiwa wa 16 kwenye uteuzi wa mwaka ule, ambapo timu hupokezana kuchagua wachezaji wapya, ingawa wapo waliodai hana kasi ya kutosha. Msimu wa kwanza aliponyokwa na mipira mingi hadi mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Angekuwa hapa kwetu, dirisha dogo lisingemkuta kikosini.

Ligi ikisimama, wenzake wakiwa mapumzikoni, yeye alikuwa San Carlos, California, anapandisha kilima chenye njia ya kilomita nne hivi. Wachezaji wengine walikwenda kujaribu mazoezi yake wakashindwa kuyamaliza. Na kwenye mazoezi ya timu, kila mpira aliodaka alikimbia nao mpaka mstari wa mwisho, hata kama hakuna anayemkaba. Hilo ndilo ninalotamani makocha wetu wa mchangani wawasimulie vijana.

Januari 1989, kwenye Super Bowl, yaani fainali ya ligi yao, dhidi ya Cincinnati, alidaka mipira 11 na kuisogeza timu yadi 215, karibu mita 197, na kutangazwa mchezaji bora wa mechi. Mataji ya Super Bowl alitwaa matatu. Ila mimi navutiwa zaidi na yaliyofuata alipoanza kuitwa mzee. Mwaka 1997, akikaribia miaka 35, alikatika kano za goti mechi ya kwanza ya msimu. Alirudi uwanjani Desemba ileile, akafunga, akavunjika kifuu cha goti. Msimu wa 1998 akacheza mechi zote 16. Alipohamia Oakland Raiders, msimu wa 2002 uliomkuta akitimiza miaka 40, alidaka mipira 92 na kupata yadi 1,211, kisha Januari 2003 akafunga kwenye Super Bowl, japo timu yake ilipoteza.

Alistaafu mwaka 2005 baada ya misimu 20. Yadi alizozipata kwa kudaka ni 22,895, karibu kilomita 21, na kila hatua ameitafuta mbele ya watu wanaotaka kumlaza chini. Hakuna mpokeaji aliyemfikia mpaka leo.

Sisemi kila mchezaji wetu wa miaka 33 abakishwe. Wapo wanaokula mshahara na kunenepa, hao waondoke hata wakiwa na miaka 24. Ninachoomba, Mhariri, ni waandishi wako wakienda kambini wafike mapema, wamtazame mchezaji anavyofanya mazoezi, wamuulize ligi ikisimama anakimbilia wapi, watuandikie hayo kabla ya kutuandikia mwaka wake wa kuzaliwa. Na maisha ya wachezaji kama Rice yachapisheni kwenye gazeti la Jumamosi. Huku Mbagala vijana wengi wanaocheza hawana bando la kutazama video, lakini gazeti moja kwenye kijiwe linasomwa na watu kumi.

Fundi mwashi,
Mbagala Kuu, Dar es Salaam