Waha hatukuzaliwa manamba

Mhariri,

Inaniuma sana kusikia kwamba sisi Waha ni vibarua wa asili. Babu yangu alikuwa mkulima Kasulu, na shamba lilimtosha. Kilichomng'oa ni kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, Waingereza wakaiendeleza, na fedha taslimu ilipatikana mbali, kwenye mikonge ya Tanga na Morogoro. Reli iliyofika Kigoma 1914 ikawabeba wanaume waliopewa namba. Ndipo likaja jina manamba.

Kwetu walichukua vibarua, lakini Tabora, jirani zetu tu, serikali hiyohiyo ya Waingereza ilifungua shule miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu.

Tuwahoji wazee wetu wangali hai, Mhariri.

Mjukuu wa manamba,
Kasulu, Kigoma