Banda Neira, mji wa kungumanga

Ndugu Mhariri,

Kila "visiwa vya viungo" vya Indonesia vinapotajwa magazetini, Ternate, Ambon na Banda hutiwa kapu moja, na karafuu na kungumanga zikaonekana zimetoka shamba moja. Sivyo. Karafuu asili yake ni Ternate, Tidore na visiwa jirani vya Maluku ya kaskazini, na ni miche ya huko iliyopitia Mauritius na Réunion hata ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kungumanga asili yake ni Banda, visiwa vidogo vipatavyo kumi, takriban kilomita 200 kusini-mashariki ya Ambon. Mji wake ni Banda Neira. Naomba nafasi niueleze, maana yaliyoufika hayaeleweki mtu asipoijua kwanza ardhi yake.

Banda iko nyuzi 4 na nusu kusini ya ikweta, karibu mstari mmoja na Vanga yetu. Visiwa vitatu vya katikati vimezunguka bandari moja yenye kina kirefu na iliyokingwa na mawimbi. Neira ndipo ulipo mji. Ng'ambo ya mkondo mwembamba unasimama Gunung Api, mlima wa volkano wa zaidi ya mita 600 uliolipuka mara ya mwisho Mei 1988 na kumwaga lava hadi baharini. Upande wa kusini ni Banda Besar, kisiwa kikubwa kuliko vyote, urefu wake kama kilomita 12. Kimepinda kama hilali kwa sababu ni ukingo uliobaki wa volkano ya kale. Ai na Run viko mbali kidogo, magharibi.

Udongo wa majivu ya volkano na mvua zinazonyesha karibu mwaka mzima vinaupenda mkungumanga. Lakini ardhi ni finyu, ya miteremko, na haitoshi kwa chakula. Sago, unga unaotolewa shinani mwa mti wa jamii ya mchikichi, ililetwa kutoka Seram na visiwa vya mashariki, mchele na nguo kutoka Java. Wafanyabiashara wa Java na Wamalei walifika na upepo wa magharibi, wakaondoka na kungumanga upepo ulipogeuka. Hapo ndipo pa kuanzia historia ya Banda, kabla hata ya kumtaja Mzungu.

Wareno walifika 1512, wakanunua, hawakuweza kujikita. Waholanzi wa VOC, kampuni yao ya biashara ya Mashariki, walitaka zaidi: mikataba ya kuwauzia wao peke yao. Wabanda hawakuwa na sultani. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wenye mali, orang kaya, na saini ya mmoja haikumfunga mwingine. Tena Waholanzi walileta vitambaa vizito vya sufu na mahameli, bidhaa zisizo na maana kwenye joto lile, wakati Mjava analeta mchele. Kuuheshimu mkataba wa namna hiyo ni kukubali njaa, kwa hiyo biashara ya zamani iliendelea. Waandishi wanaoliita jambo hili "usaliti wa Wabanda" wanarudia maneno ya makarani wa VOC bila kujua.

Mwaka 1609 Admirali Pieter Verhoeven alianza kujenga Ngome ya Nassau kisiwani Neira, Wabanda wakamuua. Mwaka 1611 ikajengwa Ngome ya Belgica yenye pembe tano, ambayo mpaka leo imesimama juu ya mji. Kisha 1621 Gavana Mkuu Jan Pieterszoon Coen akaja na kundi la merikebu na kuishambulia Banda Besar. Orang kaya 44 waliuawa na askari wa kukodiwa kutoka Japani. Watu waliokimbilia milimani walizibiwa njia na kufa kwa njaa, mamia wakasafirishwa utumwani Batavia (Jakarta ya leo), wengine wakatorokea Seram na Kei. Kati ya wakazi wanaokadiriwa kuwa 15,000, walibaki pengine elfu moja. VOC ikaigawa ardhi mashamba 68: 34 Banda Besar, 31 Ai na 3 Neira. Walowezi waliyaendesha kwa watumwa walioletwa kutoka pande nyingi za Asia.

Swali la haki ni kwamba, ukiritimba huo uliwezaje kudumu karibu miaka 150? Husemwa kwamba Waholanzi walichovya kungumanga kwenye chokaa ili zisiote kwingine. Lakini punje iliyokaushwa imekwisha kufa, iwe na chokaa au isiwe nayo. Chokaa ilifaa zaidi kuzuia wadudu. Mbegu ya kungumanga inataka kupandwa mbichi, ndani ya siku chache, ikiwa bado kwenye ganda lake. Hii ndiyo iliyowashinda wezi wengi, kwa sababu safari ya merikebu ilikuwa ndefu kuliko uhai wa mbegu. Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kuipata miche na mbegu mwaka 1770 kwa ajili ya Mauritius, na Waingereza walipoishika Banda mwaka 1796 wakapeleka miche Penang. Ndege hawakungoja ruhusa: njiwa wakubwa humeza tunda na kuiangusha mbegu kisiwa kingine.

Kwa wakulima wa Unguja na Pemba, yako mawili ya kujifunza Banda. Kwanza, mti uliotokana na mbegu huwezi kuujua dume au jike mpaka utoe maua, kuanzia mwaka wa tano hadi wa nane. Dume moja linatosha majike kumi. Mengine ni kula mbolea bure, na ndiyo maana miche ya kubebesha, kwa kikonyo kilichotoka mti jike, ina faida. Mizizi yake haiendi chini sana, upepo mkali huung'oa. Banda huukinga kwa mikenari mirefu, ambayo kokwa zake huliwa kama lozi.

Pili ni ukaushaji. Tunda likipasuka mtini ndipo limeiva. Basibasi, ule utando mwekundu unaolifunika kokwa, hubanduliwa kwa mkono, hulainishwa iwe bapa na kuanikwa juani. Wekundu wake hugeuka rangi ya chungwa. Kokwa lenye ganda hukaushwa taratibu kwa wiki sita hadi nane, kwa jua au juu ya moshi hafifu, likigeuzwa mara kwa mara, mpaka punje icheze ndani ukilitikisa. Moto ukizidi, mafuta huyeyuka na punje husinyaa. Ganda lipigwe kichwani. Ukilipiga ubavuni, punje hupata jeraha. Anayeokota zilizolala kwenye umande, au kuzitia guniani kabla hazijakauka, anakaribisha ukungu na sumukuvu, tatizo lililoifanya Ulaya izikague kwa ukali kungumanga za Indonesia.

Mwisho, husemwa kwamba kisiwa cha Run, ambacho Waingereza walikidai, "kilibadilishwa na New York". Sivyo hasa. Mkataba wa Breda wa 1667 ulisema kila upande ubaki na ulichokwisha kukishika: Waingereza Manhattan (ndiyo New York), Waholanzi Run pamoja na Suriname. Na mikungumanga ya Run Waholanzi walikuwa wamekwisha kuikata.

Mkiandika tena juu ya Banda, msiishie karne ya 17. Mohammad Hatta na Sutan Sjahrir, baadaye makamu wa kwanza wa rais na waziri mkuu wa kwanza wa Indonesia, walifungiwa uhamishoni Neira kuanzia 1936 hadi 1942, na visiwa viwili vya huko sasa vina majina yao. Na wajukuu wa waliotoroka 1621 wako Banda Eli, kisiwani Kei Besar, ambako Kibanda bado kinazungumzwa.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba