Harambee ya kamera ya vidonda: Diakonia (huduma kwa wagonjwa na wahitaji) ya usharika wetu, Old Moshi

Bwana Yesu asifiwe, washarika na ndugu mlioko mbali.

Yuko mama mmoja tuliyemtembelea karibu mwaka mzima. Ana kisukari, na kidonda kilimtoka chini ya kidole gumba cha mguu. Kila wiki alishuka kwa bodaboda kwenda kufungwa, na kila wiki alimkuta muuguzi mwingine. Huyu anasema kinaendelea vizuri, yule naye kinaendelea vizuri, na hakuna kati yao aliyekiona wiki iliyopita. Mwishowe alikatwa vidole viwili. Nasi, tusifiche, tulikuwa tukimpelekea kilo ya sukari.

Donda ndugu huenda polepole mno kwa jicho kulifuatilia. Rula nayo hudanganya: ukizidisha urefu kwa upana unapata eneo la mstatili, na kidonda si mstatili. Kamera ndogo ya mkononi hupiga picha, hufuata ukingo wa kidonda na kutoa eneo lake, wiki hii ikalinganishwa na ile. Kidonda cha mguu wa kisukari kisipopungua kwa nusu katika wiki 4 za matibabu, kuendelea kukifunga tu hakutoshi. Hapo mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, asingoje kinuke.

Kamera tunayoitaka ina pia taa ya zambarau. Ikimulika gizani, bakteria wengi wa vidonda hung'aa wekundu, na muuguzi huona pa kusafisha zaidi. Kwa ngozi zetu nyeusi, ambazo wekundu wa uambukizo hujificha, hilo si jambo dogo. Damu huzuia mng'ao, kwa hiyo kidonda huoshwa kwanza. Chumba nacho kinatakiwa giza, basi mkiombwa kanga za kuziba dirisha msishangae. Lakini kamera haioni hadi kwenye mfupa, wala haiponyi. Ndiyo maana sehemu ya mchango itanunua gozi, bandeji na viatu vya kupunguza uzito kwenye kidonda.

Wauguzi wastaafu wawili wa usharika wamekubali kuzunguka nyumba kwa nyumba. Picha zitapigwa kwa ridhaa ya mgonjwa na zitaonwa na wanaomtibu tu. Hazitaingia kwenye grupu la kwaya.

Harambee ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili. Tunaomba kila nyumba ianze na shilingi 20,000. Asiye na fedha alete mkungu wa ndizi, kuku au debe la mahindi, tutapiga mnada palepale uwanjani. Mlioko Dar es Salaam na Arusha, tumeni kwa mzee wa kanisa wa mtaa wenu. Mhazini atasoma ankara ya kifaa mbele ya wote, na risiti zitabandikwa kwenye mbao za matangazo.

Na mwenye mgonjwa wa kidonda nyumbani, hata kama anamwonea haya, atuambie sasa. Orodha ya kutembelewa tumeshaianza.